Chujio la maji la mishumaa ya kauri: uzoefu wangu hapa Uyole

Kwa anayefikiria kununua chujio la ndoo mbili, ya juu yenye mishumaa ya kauri (vichujio vyenye umbo la mshumaa, maji hupenya humo na kudondokea ndoo ya chini) na ya chini yenye koki: ninalitumia hapa Uyole, Mbeya, nimepita nalo masika na kiangazi, na likiharibika nitanunua jingine.

Wanangu walikuwa wanayakwepa maji ya kuchemsha kwa sababu ya harufu ya moshi wa mkaa. Haya ya chujio wanayafuata wenyewe. Gharama ya mkaa nayo imepungua sana.

Kazi ipo masika. Mvua zikikolea, maji ya bomba mtaani kwetu hutoka na rangi kama chai ya rangi. Ukiyamimina hivyo hivyo, mshumaa mweupe unageuka kahawia na kuziba. Ukiamka asubuhi unakuta vikombe viwili tu. Mimi huyaacha kwenye ndoo usiku kucha, kisha namimina ya juu taratibu, tope libaki chini. Mshumaa nausugua kwa brashi laini kwenye maji safi, bila sabuni, kwa sababu kauri hunyonya sabuni na ladha yake haitoki upesi. Weupe unarudi ukiuona kwa macho, na matone yanaanza kuanguka upya. Juni na Julai kasi hupungua tena, safari hii kwa baridi.

Muuzaji wa Mwanjelwa aliniambia linaua vijidudu vyote. Si kweli, na inaniuma kwa sababu wanaoambiwa hivyo wana watoto. Kauri nzuri huzuia bakteria, wakiwemo wa kipindupindu na taifodi, pamoja na vimelea kama amiba, maana ni wakubwa kuliko vitundu vyake. Virusi ni vidogo mno, hupenya: rota inayoharisha watoto, homa ya ini A. Floraidi na chumvi navyo hupita. Ndiyo maana nikisikia kuhara kumeingia mtaani naongeza klorini: kidonge cha miligramu 67 kwa lita 20, nasubiri dakika 30. Naiweka baada ya kuchuja, kwani tope huimaliza nguvu. Akiugua mtu nyumbani, nachemsha. Mbeya tuko juu, karibu mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, lakini yakitokota vizuri yanatosha kabisa kuua vijidudu.

Kingine ni ule mpira chini ya mshumaa. Nati ikilegea, maji hupita pembeni bila kuchujwa, na yakiwa meupe huwezi kujua kwa kuyatazama. Ndoo ya chini ikianza kujaa haraka kuliko kawaida, fungua ukague mpira, kisha tafuta ufa kwenye kauri. Mshumaa wenye ufa usiugundishe kwa gundi, tupa. Kabla hujalipa, uliza kama duka lina mishumaa ya akiba ya saizi hiyo. Kama haina, nenda duka jingine.