Elfu saba niliyolipa ili khanga ya Mama Mkubwa isisomeke

Nyota sifuri. Pengine nikifika chini nitabadilisha, kwa sababu naandika nikiwa bado nimepandwa na hasira, lakini kwa sasa ni sifuri.

Nazungumzia fremu moja ya Kariakoo, kwenye vile vichochoro vya upande wa Mtaa wa Aggrey, wanapouza kava za simu na chaja. Pembeni pana kibao kilichoandikwa kwa mkono: TUNAKONVATI NA KUPUNGUZA VIDEO. Jina lake silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Mdogo wangu alifanyiwa sendofu miezi michache nyuma, ukumbini huku kwetu Tabata. Mpiga video aliirusha mubashara mtandaoni ili ndugu wa Mtwara na wa Muscat waone, halafu akaturuhusu tuipakue. Urefu wake saa 3 na dakika 20, uzito wake GB 6, na bando langu la wiki liliishia hapo. Mama Mkubwa alikuwa ameshapanda basi amerudi kwake Kilwa Kivinje. Akasema mambo ya bando hayataki, nimwekee kwenye flashi achomeke kwenye TV yake aangalie na majirani.

Nikachukua flashi ya GB 16, tupu kabisa. Faili likakataa kuingia, eti ni kubwa mno. GB 6 ndani ya 16! Nikajua nimeuziwa feki. Sasa hivi najua kwamba flashi haikuwa na kosa: ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, na mpangilio huo haupokei faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi iliyobaki inatosha kulaza tembo. Kuibadilisha mpangilio ningeweza, ila TV za umri wa ile ya Mama Mkubwa nyingi hazisomi mwingine. Kwa hiyo kilichotakiwa ni faili lishuke chini ya GB 4. Sikuomba muujiza.

Nikaenda Kariakoo na laptopu yangu begani. Kijana akasema elfu saba. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nataka iingie kwenye flashi, ila picha isiharibike." Akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Itaingia tu, mama." Robo saa haikuisha, tayari. MB 900! Nilifurahi, sitadanganya. Nikaona huyu fundi kweli, nikamwachia na elfu moja ya soda. Hiyo elfu moja ya soda inaniuma kuliko zile saba.

Nyumbani nikachomeka. Matarumbeta yanalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Wakati watu wamekaa, afadhali, sura unazitambua. Wakiinuka kucheza tu, ukumbi mzima unageuka uji: vipande vya mraba vinarukaruka, gauni la bibi harusi lenye vile vya kumetameta limekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa kwa haraka. Nikajikaza. Nikasema sogeza mbele, fika kwenye khanga.

Hapa msipoelewa habari ya khanga mtaona nalalamikia upuuzi. Mama Mkubwa ana wifi yake, na wana maneno yao ya miaka mingi ambayo mimi siyaingilii. Wifi huyo alikuwa amekaa meza ya mbele. Mashangazi na akina mama walipoingia kwa mstari kuleta doti za khanga, kila mtu alipita akicheza, akaweka zawadi, akaondoka. Mama Mkubwa hakuondoka. Alisimama katikati, akaikunjua khanga yake kwa mikono miwili, akaitandaza, akageuka taratibu upande wa ile meza na upande wa kamera: HASIDI HANA SABABU. Vigelegele vilivyopigwa pale, mtu wa barabarani alivisikia. Kwenye faili tulilopakua, herufi zote zinasomeka. Kwenye faili la elfu saba, pale kwenye maneno pana mstari wa matope. Maneno hayapo! Mama Mkubwa ameshika shuka lenye doa.

Kesho yake nikarudi. Nilikwenda kwa upole kabisa, Mungu ni shahidi. Nikamfungulia, nikamwonyesha, nikamwambia, "Ona, hapa palikuwa na maandishi." Akaangalia sekunde mbili, akacheka, akasema:

"Kwani mama, nyie mnaangalia video au mnasoma gazeti?"

Wale wauza kava wa jirani wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Anataka kusoma magazeti huyo!" Mimi mtu mzima nimesimama na flashi mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza chenji. Angesema "samahani mama, ngoja nirudie", ningekaa kwenye stuli yake hata masaa manne. Angesema "ongeza elfu tatu", ningetoa. Gazeti! Mpaka leo nikioga nalipata jibu zuri la kumpa.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa kaka yangu, yuko chuo. Alilichunguza faili akapiga hesabu mbele yangu. MB 900 ni megabiti 7,200, maana kila baiti ni biti nane. Saa 3 na dakika 20 ni sekunde 12,000. Gawanya: kila sekunde ya video imepewa kama kilobiti 600, na humo humo sauti ichukue fungu lake. Faili la mwanzo lilikuwa na 4,000. Tena picha kaiacha vile vile 1080p, yaani mistari 1,080 kutoka juu mpaka chini! "Shangazi," akasema, "huyu kakupikia sufuria moja ndogo ya pilau halafu kaigawa sahani mia tatu." Watu wakikaa, picha haibadiliki sana, kinachobebwa ni kidogo. Wakicheza matarumbeta, kila fremu (ya video, si ya duka) ni mpya, na hapo biti hazitoshi. Kinachotupwa kwanza ni vile vidogo vidogo vyenye ncha: nakshi, vinyweleo, maandishi ya khanga. Na ile robo saa niliyoishangilia, akasema inaelekea kijana alitumia kadi ya picha ya kompyuta kufanya kazi. Inakwenda mbio, ila kwa ukubwa ule ule wa faili, picha mara nyingi haifikii ile inayopikwa taratibu na prosesa.

Akaniwekea HandBrake, programu ya kukonvati video. Ni ya bure, na hapa nyota tano nazitoa bila kuombwa, angalau mpaka aya inayofuata. Humo unaweza kuacha habari ya sufuria, ukasema kila sahani iwe na kipimo hiki, sufuria itajulikana yenyewe. Kipimo kinaitwa RF. Kimekaa kinyumenyume: namba ikiwa ndogo picha ni nzuri na faili ni nene, ikiwa kubwa faili linakonda na sura zinayeyuka. Maelekezo yao wenyewe yanapendekeza 20 mpaka 24 kwa 1080p, na 19 mpaka 23 kwa 720p. Ubaya wake, ukubwa wa faili huujui kabla. Dawa yake ni kukonvati kipande kwanza, na programu inakuruhusu kuchagua kuanzia sekunde hii mpaka ile. Sisi tulichagua dakika ya khanga. Tukajaribu 28, herufi zimekufa. 25, unasoma kama tayari unajua kilichoandikwa. 22, HASIDI huyo hapo, mzima wa afya.

Basi mtoto wa kaka yangu akapiga H.265, kodeki (yaani namna ya kubana video) ya 2013, kwa sababu inabana zaidi kuliko H.264 ya 2003 bila kuchosha picha. Laptopu yangu ya kizee ikaanza kuunguruma baada ya isha. Alfajiri imefika asilimia 83, LUKU ikaisha. Betri ya laptopu ilishakufa zamani. MP4 ikikatika katikati haifunguki hata hiyo 83 yake, tumeanza moja. Safari hii nilinunua umeme kwanza. Likatoka GB 1.9, safi. Kwenye TV yangu ya sebuleni tukakaa tukaangalia nusu nzima. Flashi nikaipeleka Mbagala Rangi Tatu, nikampa kondakta wa basi la Kilwa ndani ya bahasha.

Jioni ya siku ya pili simu inaita. "Mwanangu, nasikia matarumbeta, ila kioo cheusi." TV yake imenunuliwa kabla H.265 haijazaliwa. Sauti inaijua, picha haiijui. Majirani walikuwa wameshakaa kwenye mkeka. Walisikiliza sendofu kama redio.

Kwa hiyo HandBrake nayo niipunguze nyota, maana kuna vitufe mia na kwangu hakuna kilichonionya? Hapana, si haki, programu itajuaje TV ya Kivinje. Tukarudi H.264, 720p, RF 21, mwendo wa polepole, sauti kilobiti 160 maana matarumbeta hayataki ubahili. Usiku kucha na asubuhi yote. GB 3 na kidogo. Herufi zinasomeka, si kali kama mwanzo lakini zinasomeka.

Na hapa nimpe yule kijana haki yake. Video ya kurushwa mtandaoni ilishabanwa tangu inarushwa. Ukiibana tena unapunguza kwenye kilichopungua, na hakuna programu itakayorudisha kilichotupwa. Sehemu za mwisho, taa zilipozimwa, zilikuwa na matope kabla hata sijafika Kariakoo. Na mimi sikumwambia GB 3. Nilimwambia iingie, akaiingiza. Tuseme nyota mbili.

Halafu juzi, mtoto wa kaka yangu anakunywa chai kwangu, anasema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Lakini shangazi, si tungeikata tu vipande viwili?" Vipande viwili vya GB 3! Bila kukonvati chochote, picha ile ile, herufi zile zile, dakika chache tu, kwa programu iitwayo FFmpeg. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza. Akasema nilikuwa naongelea kukonvati, akajua ndicho ninachotaka. Nikamnyima chapati ya tatu.

Lakini angalieni: mwanafunzi kasahau, mimi sikujua. Yule anakaa pale kila siku na kibao chake. Flashi inakataa GB 6, hilo ni jambo analokutana nalo asubuhi mpaka jioni. Angeweza kusema, "Mama, nikukatie mara mbili?" na elfu saba yake angekula kihalali. Badala yake kaniuliza habari za gazeti. Nyota mbili nazirudisha mfukoni. Sifuri.

Flashi ya pili ilifika Kivinje salama. Mama Mkubwa kapiga simu, kaangalia yote, pale kwenye khanga kasimamisha na kuita watu. Akaniuliza kama naweza kumrushia wifi yake kwenye WhatsApp, maana siku ile ukumbini alijifanya kuinama anatafuta kiatu.

WhatsApp nayo inabana video vibaya, kwa hiyo nimekata ile dakika moja tu kutoka kwenye faili la mwanzo, bila kukonvati, nikaituma kama dokumenti. Tiki za bluu zimetokea tangu jana. Jibu hakuna.