Mkasi wa Kuvunia Chaivu: Kabla ya Kulipa, Tazama Kiungo cha Mabapa

Malalamiko ninayoletewa kuhusu chaivu, mmea wa majani membamba ya kukolezea chakula, yanafanana mno. Mmea umeshika vizuri, majani yanatoka kwa wingi, lakini siku chache baada ya kuvuna ncha zote zinageuka kahawia. Mwenye bustani anaongeza mbolea, anaongeza maji, anahamisha chungu kutoka juani kukipeleka kivulini, na hali ni ileile. Nikiuliza anavunia nini, jibu ni mkasi wowote uliokuwa karibu.

Jani la chaivu lina uwazi ndani. Mkasi mkali hulikata mara moja na kuacha mdomo wa duara. Mkasi butu, au ule ambao mabapa yake hayagusani sawasawa, hulibana kwanza, hulipasua ubavuni, ndipo hulikata. Pale palipopondeka ndipo hukauka. Isitoshe, jani hili hukua kutokea chini, karibu na udongo, kwa hiyo ncha iliyoharibika haiponi. Inasukumwa juu tu, nawe utaitazama mpaka utakapovuna tena. Ukitaka kujua kama ni mkasi au ni kiu, angalia rangi inaanzia wapi. Kahawia iliyoanzia kwenye jeraha na kuishia hapohapo ni ya mkasi. Majani ambayo hayajakatwa nayo yakiwa yanakauka ncha, hapo tafuta maji au joto.

Sitazungumzia rangi ya vishikio, wala mkasi kukaa vizuri mkononi. Hayo utayaona mwenyewe ukiushika. Ninachotaka ukitazame ni kiungo, ile sehemu ya katikati mabapa mawili yanapokutana, kwa sababu karibu kila mnunuzi huiruka.

Chaivu ni jamii ya kitunguu na majani yake yana utomvu mwingi. Kila ukikata, utomvu huo pamoja na vipande vidogo vya majani huingia kwenye kiungo na kukauka humo. Kiungo kikiwa kimefungwa kwa ribiti, yaani pini ya chuma isiyofunguka, huwezi kufika ndani. Utaosha mabapa yang'ae, huku uchafu wa katikati ukiendelea kuongezeka na unyevu ukikaa humo mpaka chuma kishike kutu. Hatimaye mabapa yanasukumwa mbalimbali kidogo sana, jicho lisione, na mkasi uliokuwa mkali unaanza kuponda. Watu huupeleka kunolewa. Makali hayakuwa na kosa! Kinachohitajika ni mkasi unaofunguka ukawa vipande viwili, ukaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ukakaushwa kila upande, ukafungwa tena.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni mkasi wa jikoni wa Wüsthof unaotenganishwa. Ni kampuni ya Solingen, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1814, na mkasi huu unafunguka kwa mkono bila bisibisi: unaupanua hadi mwisho, mabapa yanaachana. Bapa ni refu kiasi cha kukata konzi nzima ya majani kwa mkato mmoja, na hilo lina faida kubwa, maana kurudiarudia kukata mahali pamoja ndiko kunakochana majani. Kasoro yake ni kwamba ukiupanua kupita kiasi katikati ya kazi unaweza kuachana mkononi. Mkono huzoea upesi, na mimi naona ni bei ndogo kulipia usafi huo.

Wa pili ni mkasi mdogo wa bustani wa kampuni ya Fiskars, wenye ncha nyembamba na springi inayoufungua wenyewe. Hautenganishwi kwa urahisi kama wa kwanza, ndiyo maana hauko juu. Ila kuna kazi moja ambayo hakuna unaoushinda: kutoa mabua ya maua. Bua la ua la chaivu ni gumu, halifai kuchanganywa na majani ya kula, na hutakiwa kukatwa chini kabisa. Ncha nyembamba inapenya katikati ya kichaka bila kugusa majani ya jirani. Mwenye vichaka vingi awe na mikasi yote miwili.

Kisu chenye makali ya kweli ni cha tatu. Hakina kiungo, hakina pa kuficha uchafu. Tatizo ni kwamba lazima ushike majani kwa mkono mwingine, na ukivuta kwa nguvu unang'oa vitunguu vidogo vya chini.

Wa mwisho kabisa ni ule mkasi wa mabapa matano, unaouzwa kwa jina la mkasi wa viungo, yaani viungo vya mapishi. Vipande vya majani vinanasa katika nafasi zote baina ya mabapa, na kitana cha plastiki unachopewa hakifiki kwenye kiungo. Bapa moja likipinda, yote yanapoteza mpangilio. Usiuingize bustanini.

Mikasi ya bei ya chini yenye ribiti itakukatia vizuri ikiwa mipya. Baada ya hapo ni kuponda tu.

Mkasi wowote utakaochukua, vuna mmea ukifika kama sentimita 15, ukianza na majani ya nje, na uache sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Ukiona vipele vya rangi ya chungwa kwenye majani, huo ni ugonjwa wa kutu unaoletwa na kuvu Puccinia allii. Kata majani yote yaliyoathirika, yatupe mbali, kisha futa mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa kichaka kingine.

Sasa wauzaji. Nimekuwa nikitafuta picha za kiungo kwenye matangazo ya mtandaoni na inanikera sana. Utaoneshwa mkasi juu ya ubao wenye nyanya, utaoneshwa kishikio kwa pembe zote, utaoneshwa boksi la zawadi, lakini kiungo kikiwa wazi hutakiona. Halafu kuna maneno "chuma cha Ujerumani" yanayobandikwa kwenye kila pakiti ili bei ipande. Maneno hayo hayasemi mkasi umetengenezwa wapi. Jina Solingen ni jambo jingine: linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938, na halitakiwi kuwekwa kwenye kisu au mkasi usiotengenezwa huko. Lisome kwenye bapa lenyewe, wala si kwenye boksi. Muuzaji mmoja nilimwomba picha ya mkasi ukiwa umefunguliwa akanitumia tena picha ya boksi. Akikufanyia hivyo, usinunue kwake.