Supamaketi ya mtaani kwetu na genge la nje yake: nimenunua mwezi mzima kote kote, haya ndo niliyoyaona

Naandika hii kwa wale wanaohamia huku upande wa Tabata wanauliza wanunulie wapi chakula, na kwa wazazi wenzangu pia maana kuna jambo limenikaa rohoni. Jina la supamaketi sitalitaja, wanachofanya wao wanafanya karibu wote, ingia yoyote ya saizi ile hapa Dar utakuta nachosema. Mi ni fundi cherehani, nina binti wa miaka sita, na naishi na mama yangu ana presha na sukari, kwa hiyo kwetu suala la chakula linapangwa kila siku, haliendi lenyewe.

Ilianza hivi. Mama alienda kliniki, nesi akamkalisha akamweleza vizuri sana kwa upole, mama yangu punguza sukari, punguza chumvi, mboga za majani kila siku, matunda, ugali wa dona. Mama akaelewa kila kitu. Tunatoka getini, pale nje kuna meza tatu, zote tatu ni soda, biskuti na maandazi, na mama hajaweka kitu mdomoni toka jana yake usiku kwa ajili ya vipimo, mikono inamtetemeka, akanywa soda. Sikumlaumu na mpaka leo simlaumu. Pale hapakuwa na ndizi, hapakuwa na chungwa, hapakuwa na hata maji ya baridi. Toka siku ile nkawa nikiingia duka lolote naangalia kwanza wameweka nini wapi, na mwezi uliopita nkasema ngoja nifanye kwa mpango, ninunue supamaketi na gengeni, nitunze risiti, za gengeni niandike kwenye daftari la vipimo vya wateja.

Nianze na supamaketi, na nianze na mazuri kwa sababu yapo. Pasafi, bei zimebandikwa kila kitu huna haja ya kuuliza, tarehe za kuisha muda wanafuatilia, sijawahi kupewa maziwa yaliyopitwa. Kikubwa zaidi ni unga na mafuta. Shelfu yao ya unga karibu yote ni ule ulioongezwa virutubishi, na hili watu wengi tunalipita tu. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula zipo Tanzania toka 2011, kwenye unga kuna madini chuma, zinki, vitamini B12 na foliki asidi, kwenye mafuta vitamini A. Hiyo foliki asidi ndo inayopunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi, na uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne za kwanza za mimba, yaani kabla mama mwenyewe hajajua kama ana ujauzito, kwa hiyo ukisubiri mpaka uanze kliniki ushachelewa, inatakiwa iwe tayari imo kwenye ugali unaokula. Hiyo ni sera imekaa ndani ya pakiti inakufanyia kazi bila we kujua. Mashine za kusaga za mtaani nyingi haziongezi, ukisaga dona pale unapata pumba na kiini chake ambavyo ni vizuri sana ila hupati hivyo vya kuongezwa. Sahivi mi nachanganya, dona nasaga, ngano na mafuta nanunua vya nembo. Kwa hapo nawapa hongera kwa moyo wote.

Sasa njoo mlangoni. Ukisukuma ule mlango wa kioo kitu cha kwanza ni friji refu la soda linawaka taa, limekaa kiasi kwamba lazima ulizunguke ndo upate kikapu. Maji yako nyuma kabisa karibu na sabuni, na siyo ya baridi. Mboga na matunda wameweka kona ya mwisho kushoto, taa imeungua toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho ya mwezi wangu, mchicha umefungwa kwenye plastiki umetoa majimaji, 1,500. Ofa za mwezi mzima nimeziandika zote: soda chukua mbili upate ya tatu bure, biskuti, juisi za boksi, tambi za dakika mbili, krispi. Kwa mwezi mzima hakuna ofa hata moja ya maharage, ya dagaa, ya tunda.

Na kaunta ya kulipia ndo iliyonifanya niandike. Binti yangu tukifika pale kila siku ni vita, na mi nilikuwa najua ni utundu wake, nshamfinya pale mbele za watu na najuta. Siku moja foleni ndefu, kwenye pochi nina futi kamba, nkainama nkapima. Shelfu ya pipi na chokoleti inaanza sentimita 60 toka chini inaishia 110. Binti yangu ana sentimita 114. Macho yake yako usawa wa sehemu ya juu ya shelfu hiyo, mikono yake inafika bila kunyoosha, na zenye katuni ndo zimewekwa usawa huo. Juu ya hapo kwenye usawa wangu mi wameweka betri, nyembe na vocha. Kwa hiyo yule mtoto hakuwa mtundu, kuna mtu mzima alikaa akapanga vile vitu usoni mwake, na foleni yenyewe ni dakika saba, nane, we mtoto wa miaka sita utafanyaje.

Nikachukua ile chupa ya soda ya plastiki ya mililita 350 nikasoma lebo kwa nyuma, maandishi madogo nilitumia tochi ya simu. Sukari gramu 10.6 kwa kila mililita 100. Nyumbani nkapiga hesabu inakuja gramu 37, na kijiko cha chai ni kama gramu 4, nkachukua kisahani nkahesabu vijiko tisa mbele ya mama. Alikiangalia kile kichuguu cha sukari muda mrefu alafu akakisogeza kwa kidole kikaenda mbali naye, hakusema neno. Shirika la Afya Duniani wanasema sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ukiweza kushuka hadi 25 ni bora zaidi. Kwa hiyo chupa moja tu ya njiani tayari imeshaipita hiyo 25. Na namba hiyo iko nyuma ya chupa, ndogo, kwa lugha ya maabara, mama yangu aliyeishia darasa la saba na macho yake ya sukari ataisoma saa ngapi?

Mdogo wangu yuko Leicester, Uingereza, nikampigia kumweleza, akaniambia dada huku walikuwa hivyo hivyo. Toka Oktoba 2022 maduka makubwa ya Uingereza upande wa England, yale yenye wafanyakazi 50 na kuendelea na eneo la zaidi ya futi za mraba 2,000, hayaruhusiwi kuweka vyakula vya sukari, chumvi na mafuta mengi mlangoni, mwisho wa shelfu wala kwenye kaunta. Na toka Oktoba 2025 hata zile ofa za nunua moja upate moja kwa vyakula hivyo wamezizuia. Akanitumia picha ya kaunta ya duka analonunulia, kuna magazeti, maji, soksi za watoto. Hawajakataza mtu kununua chokoleti, ipo shelfu yake, unaifuata mwenyewe ukiitaka. Mi naona hiyo ni haki kabisa.

Basi nkamfuata meneja, nimejiandaa kwa maneno makali lakini kijana wa watu ni muungwana, akanikaribisha kiti. Akasema, dada yangu, lile friji la mlangoni siyo la kwetu, ni la kampuni ya soda, wanatuletea bure na likiharibika fundi anatoka kwao, sharti likae panapoonekana na ndani kusiwe na bidhaa nyingine. Na kaunta nafasi zinalipiwa, kila mwezi. Nkamuuliza mboga analipia nani. Akatabasamu akasema hakuna wa kulipia, mchicha hauna kampuni. Nimelala na hilo neno siku kadhaa. Maana yake mpangilio wote wa lile duka ni biashara ya waliolipia nafasi, na anayelima matembele bonde la Msimbazi hana cha kulipia, kwa hiyo anaenda kona isiyo na taa. Hapo meneja mmoja mwema hawezi kubadilisha, labda sheria iwashike wote kwa pamoja ili anayetenda vizuri asipate hasara peke yake.

Ila alinisikiliza jamani, hilo lazima niliseme. Wiki iliyofuata kaunta namba 3 nimekuta wametoa pipi, wameweka ndizi kwenye kikapu, karanga za kukaanga na maji madogo ya baridi.

Genge sasa. Liko hatua arobaini toka mlango wa supamaketi, upande wa pili wa mfereji. Mchicha fungu 500, matembele 500, mnafu 500 na ukija asubuhi umande bado uko kwenye majani, embe 700, nyanya za fungu, bamia, ndizi mzuzu, dagaa wa Mwanza wa kupima kwa kopo. Kwa 5,000 nimekuwa nikitoka na mboga za siku tatu na matunda ya binti, 5,000 hiyo hiyo supamaketi nilipata mchicha mmoja, karoti nne na maapulo mawili ya kutoka nje. Mama wa genge anaijua hali ya mama yangu, nikifika ananiambia fundi leo usichukue viazi, chukua hizi bamia za bibi. Hakuna supamaketi itakwambia hivyo. Mabaya yapo, vumbi la barabara ni jingi inabidi uoshe mara tatu, mvua ikinyesha hakuna mtu, jioni mboga zimelala, na hakuna mzani.

Na nataka mjue kwanini genge liko kule ng'ambo ya mfereji. Zamani lilikuwa stendi ya daladala, unashuka unanunua unaenda kupika. Mwishoni mwa 2021 wamachinga walivyopangwa upya Dar nzima, mama wa genge na wenzake wakaondolewa, barabara zilipumua kweli na mi napenda mji uwe na utaratibu, lakini pale stendi walipotoka wauza mboga hakukuja mboga nyingine, limekuja banda la chipsi na friji jingine la soda. Mwaka mzima watu wanashuka kwenye daladala saa moja usiku wamechoka na cha kwanza wanachokiona ni chipsi. Alafu semina zikija tunaambiwa wananchi hatuna elimu ya lishe. Elimu tunayo, mama yangu anaweza kukuhubiria nesi alichosema neno kwa neno, tatizo ni hatua anazotakiwa kutembea kuufikia mchicha na hatua anazotakiwa kutembea kuifikia soda. Wanaopanga wapi machinga akae wawe na mtu wa lishe mezani, wahesabu na mboga.

Kuna mtu atasema nchi yetu tatizo ni njaa na udumavu, haya ya sukari ni ya matajiri. Utafiti wa afya wa 2022 kweli ulikuta watoto 30 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, lakini mtoto anayepewa krispi na juisi ya boksi badala ya dagaa na embe anaweza kudumaa na bado sukari ikamsubiri ukubwani, nyumba moja, bajeti moja. Na siyo Uingereza tu, kuna nchi nyingine wameshafanya. Chile toka Juni 2016 kila pakiti iliyozidisha sukari, chumvi, mafuta au kalori inabandikwa alama nyeusi ya pembe nane mbele, katuni za watoto wakazitoa, shuleni haviuzwi, na mwaka mmoja na nusu wa mwanzo vinywaji vya sukari nyingi vilivyonunuliwa vilipungua karibu robo. Afrika Kusini hapo wana kodi toka Aprili 2018, inaanza pale sukari inapozidi gramu 4 kwa mililita 100, kampuni zenyewe zikapunguza sukari kwenye chupa. Pakiti nilizoshika mwezi huu mbele kuna katuni, matunda ya kuchorwa na neno vitamini kwa herufi kubwa. Alama kama ya Chile mama yangu angeisoma bila miwani.

Nyota sasa, supamaketi nawapa 3 kwa 5, ni unga, mafuta, usafi na yule meneja, taa ya kona ya mboga wakibadilisha na lile friji wakilisogeza nyuma ntaongeza. Genge 4, moja nimeitoa kwa vumbi na mzani. Gengeni nendeni kabla ya saa tatu asubuhi, Jumatatu huwa hakuna kisamvu. Supamaketi ukiwa na mtoto simama kaunta namba 3 hata kama foleni ni ndefu, na ukipita pale nunua ndizi hata moja ili isomeke kwenye mashine yao kwamba zinatoka, meneja kaniambia anaangalia mauzo ya mwezi huu ndo aamue kama namba 2 nayo abadilishe.