Mafunzo ya drifti Mbeya: yana thamani ya pesa?

Ndiyo, yana thamani, hasa kwa mtu anayetaka kulielewa gari na siyo kuchoma tairi tu. Mafunzo yanafanyika nje kidogo ya jiji, kwenye yadi ya zege yenye uzio, na gari linalotumika ni Toyota Altezza ya gia za mkono yenye injini ya 1G-FE, silinda sita, lita 2.

Nilichokipenda kwanza: hushiki usukani mpaka uweze kueleza gari linafanya nini. Andastia ni pale unapokata kona lakini pua inaendelea kwenda mbele, kwa sababu tairi za mbele zimepoteza mshiko. Ovastia ni nyuma ya gari kuteleza kwenda nje ya kona. Drifti ni ovastia unayoianzisha kwa makusudi na kuishikilia mpaka kona iishe. Ukiwa humo unapiga kauntastia, yaani unageuza usukani kuelekea upande ule ule mkia unakokwenda, huku mguu wa mafuta ukiamua mkia utoke kiasi gani. Ukiachia mafuta ghafla, tairi za nyuma zinashika tena kwa mara moja na gari linarushwa upande wa pili. Hilo nililiona kwa macho yangu, na tangu hapo mguu wangu umekuwa mpole.

Difu ya gari lile, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, imechomelewa. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye tairi lililopungukiwa uzito, linazunguka peke yake na gari halitelezi inavyotakiwa. Ikichomelewa, tairi zote mbili za nyuma huzunguka pamoja. Ni njia ya bei nafuu, ila kwenye lami kavu inazitafuna tairi na kugonga-gonga kila ukikata kona taratibu, kwa hiyo gari la kwenda nalo kazini usilifanyie hivyo.

Mbinu ya kuanzia ni breki ya mkono: kanyaga klachi, vuta breki, nyuma ikitoka achia vyote na uongeze mafuta. Baadaye unapiga klachi, yaani unaikanyaga na kuiachia ghafla injini ikiwa inazunguka juu, ili nguvu ifike nyuma kwa kishindo. Hapa urefu wa Mbeya unahusika. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) inapoteza nguvu ya kutosha. Kutoa mkia kwa mafuta matupu, gari hili halikubali. Ndiyo maana mwalimu anakazania klachi na kuhamisha uzito: unalitupa gari kidogo nje ya kona, kisha unalirudisha ndani kwa haraka, na uzito ndio unaouvuta mkia. "Kaka, macho! Angalia unakokwenda, siyo unapoteleza," alikuwa akinipigia kelele muda wote.

Alitukumbusha pia kwamba Keiichi Tsuchiya, dereva maarufu wa drifti wa Japani, alijijengea jina na Toyota AE86, gari la lita 1.6 tu. Liliniingia sana hilo, maana vijana wetu wengi wanadhani bila tabo huwezi kitu.

Zege linamwagiwa maji. Gari linateleza kwa mwendo mdogo na tairi zinadumu, mpango mzuri sana kwa anayeanza.

Kasoro zipo. Tairi za nyuma unanunua mwenyewe, na kwenye simu hawakunitajia. Kofia ngumu zilikuwa za saizi moja, yangu ikacheza kichwani; kwa mchezo huu hilo halikubaliki, warekebishe haraka.

Na ninyi mnaojaribu haya usiku kwenye mteremko wa Iwambi au kona za Kitonga, nawaomba muache. Malori yanayoshuka pale yana mizigo mizito na breki za moto. Ukizungusha gari mbele yake, dereva hana pa kukukwepea. Lipieni yadi.

Kuunganisha kona mbili kwa kubadili upande kunafundishwa hatua ya pili. Nimeshaweka nafasi, na safari hii naenda na kofia yangu.