Elmer na sanduku la barafu: uzoefu wangu wa kuweka masharti ya mipaka

Nimeitumia Elmer kiasi cha kutosha kuisifu na kuinung'unikia. Kwa asiyeijua, ni programu ya bure ya kupigia hesabu za fizikia kwenye kompyuta: joto, mtiririko wa maji, mkazo wa vyuma, sumaku. Ilianza kutengenezwa Finland mwaka 1995, na tangu 2005 msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ukishaipakua haikudai intaneti wala leseni. Mimi naitumia kwa joto tu, kwa sababu kazi yangu hapa Ujiji ni kuunda masanduku ya barafu ya kubebea samaki. Kuhe na sangala wakitoka mwalo wa Kibirizi kwenda Kasulu, au wakipanda treni kuelekea Tabora, sanduku ndilo linaloamua kama watafika wakiwa na bei.

Kuchora sanduku si shida. Nachora kwenye FreeCAD, programu ya kuchorea maumbo, kwa milimita, naingiza Elmer, na kwenye mipangilio ya mwanzo naandika Coordinate Scaling iwe 0.001, maana Elmer haijui milimita wala mita, inajua namba tu. Ukiacha hivyo hivyo, unapigia hesabu sanduku lenye urefu wa kilomita.

Shughuli yenyewe iko kwenye masharti ya mipaka, yaani kuieleza programu kinachotokea kwenye kila uso. Ndani ya povu linalojaza kuta za sanduku hesabu inajiendea. Povu linapokutana na dunia ndipo unapotakiwa kusema neno. Sanduku la barafu ni shule nzuri kwa hilo, kwani aina zote kuu za masharti zimo humo humo.

Uso wa ndani ni mwepisi kuliko yote. Barafu inayoyeyuka hubaki nyuzi 0 mpaka iishe, joto liingie kidogo au liingie jingi. Kwa hiyo unaandika Temperature 0 na unaendelea. (Selsiasi inakubalika mradi huhesabu mionzi ya joto. Ukiweka mionzi, hamia Kelvini, la sivyo matokeo ni upuuzi.)

Uso wa nje hauna joto lake la kudumu, unasikiliza hewa. Hapo unajaza nafasi mbili: External Temperature, yaani joto la hewa ya nje, ambayo mchana wa Kigoma naipa 30, na Heat Transfer Coefficient, yaani wati ngapi hupita kati ya hewa na uso kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, ambayo ndiyo huwatoa watu jasho kwa sababu haipimwi kwa kipimajoto. Hewa iliyotulia ni kama 5. Upepo wa ziwani ukivuma, 20 au zaidi. Mimi huweka 10 kwenye kuta, na sihangaiki sana. Sababu ni hii: povu jeupe la sentimita 5 linazuia joto kiasi kwamba ukipandisha namba hiyo kutoka 10 hadi 20, joto linaloingia huongezeka kwa asilimia 3 tu. Kuta zinapitisha wati 20 hivi kwa kila mita ya mraba. Sanduku lenye mita za mraba 3 linakula kama kilo 15 za barafu kwa siku, na hiyo unaweza kuihakiki kwa kalamu: kuyeyusha kilo moja kunahitaji kilojuli 334.

Kifuniko kilicho juani ni habari nyingine. Hapo naongeza Heat Flux, yaani joto linalosukumwa moja kwa moja kwenye uso, tuseme wati 500 kwa mita ya mraba zinazonyonywa na bati lililofunika kifuniko, huku masharti ya hewa yakibaki palepale. Elmer inakubali yote mawili kwenye uso mmoja, na hili nalipenda sana. Bati linapanda hadi nyuzi 75 hivi, na joto linalopenya chini ya kifuniko linafika wati 52 kwa mita ya mraba. Na hapa sasa upepo unaonekana kazi yake: ukiweka 20 badala ya 10, zile 52 zinashuka hadi 37.

Jaribu kuondoa masharti ya hewa ubaki na jua peke yake. Programu haitagoma. Itakupa kifuniko chenye nyuzi zaidi ya 700, wakati alumini huyeyuka kwenye 660! Hesabu ni sahihi kabisa: umeiambia joto lote lazima lipite kwenye povu, nayo imelipitisha.

Jambo linalohitaji macho makali zaidi ni ukimya wa uso ulioachwa wazi. Uso usiopewa sharti lolote, Elmer huuchukulia kuwa haupitishi joto. Hilo ni kanuni ya mbinu yenyewe ya hesabu, na lina faida: nalikata sanduku nikahesabu robo yake tu, na nyuso za mkato naziacha tupu makusudi, kwa kuwa robo nyingine ziko sawasawa na joto halivuki pale. Muda unaokolewa, laptopu haipigi kelele. Lakini ukisahau kuta za nje, utapata picha ya rangi moja, sanduku lote nyuzi 0, barafu isiyoyeyuka milele, na hakuna onyo hata la mstari mmoja. Kinyume chake, ukitaja Heat Flux kila mahali bila kutaja joto popote, jibu la hali tulivu (pale joto lisipobadilika tena na muda) haliwezi kuwa moja, na hesabu itazunguka isitulie. Kwa hiyo kabla ya kuanzisha hesabu hufungua faili la sif, lile lenye maagizo yote ya hesabu, na kusoma kila Boundary Condition pamoja na namba za nyuso zake. Faili hilo ni maandishi ya kawaida, linasomeka kuliko madirisha yenyewe. Tahadhari moja: ukilihariri kwa mkono kisha ukabonyeza Generate, kitufe cha kuliandika upya, mabadiliko yako yanafutwa.

Mama mmoja mteja wangu, muuza sangala, aliziangalia zile rangi akacheka. "Mwanangu, hiyo michoro imependeza, lakini mie nataka kujua niongeze unene wa kifuniko au nisiongeze." Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama, nikupe namba." Kifuniko cha sentimita 8 juani kinapitisha wati 33 hivi. Kile kile cha sentimita 5 kikiwa kivulini, 20. "Basi nifunike na turubai," akasema, na pesa ya povu akairudisha mkobani. Turubai lenyewe lisigusane na bati, hewa ipite katikati. Likilala juu ya kifuniko, hiyo 20 haipo.

Kitu kingine kilichonifanya nibaki na Elmer ni sharti linalobadilika na saa. Ukiwa ndani ya nafasi ya External Temperature, bonyeza Enter: kinafunguka kisanduku cha maandishi, na humo unaandika Variable Time, kisha Real, kisha jedwali la sekunde na nyuzi, na kumalizia na End. Ukihesabu kuanzia usiku wa manane, sekunde 50,400 ni saa nane mchana. Mbinu hii haionekani kwenye dirisha, na mgeni anaweza kukaa na programu miezi bila kujua ipo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama ingeorodhesha nyuso zilizoachwa tupu kabla ya kuanza hesabu. Kwa fundi anayetaka jibu la haraka la ukuta mmoja, kalamu na karatasi vinatosha. Elmer ifungue ukifika kwenye pembe, bawaba na misumari inayopenya povu, kwani huko kalamu haifiki.