Kupangusa vumbi kwenye fanicha na sakafu za mbao: Tanga tununue nini kwanza?

Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, kabati la mninga lililopanguswa asubuhi huwa na vumbi tena kabla ya alasiri. Na huku pwani hewa ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, basi vumbi likiachwa siku chache hugandia vanishi, halitoki mpaka lisuguliwe. Kusugua ndiko kunakoharibu mbao, maana ndani ya vumbi mna chembe za mchanga zinazokwaruza. Kwa hiyo kifaa kizuri ni kinachonasa vumbi, si kinacholirusha likatue kwenye kochi. Nimevipanga kwa kipimo hicho.

1. Kitambaa cha mikrofaiba. Nyuzi zake za poliesta na poliamaidi zimepasuliwa zikawa nyembamba kuliko unywele, ndiyo maana hunasa vumbi hata kikiwa kikavu. Ukienda kununua Ngamiani usichague kwa rangi wala kwa ulaini. Kipitishe kwenye kiganja kikavu: kilicho kizuri hukwamakwama kwenye ngozi, kinachoteleza kirudishe. Kama kina lebo, tafuta poliesta asilimia 80 na poliamaidi 20, uzito wa karibu gramu 300 kwa mita ya mraba. Maduka ya vifaa vya magari usiyapite, mara nyingi yana vizito kuliko vya maduka ya vyombo. Chukua viwili au vitatu vya rangi tofauti ili cha jikoni kisiguse meza ya sebuleni.

Matunzo yake ndiyo watu wengi huyakosea. Kifue kwa sabuni ya kawaida, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo hufunika nyuzi zikashindwa kunasa. Kisichanganywe na taulo wala khanga, kitaokota manyoya ya pamba. Pasi usikipige kabisa.

2. Brashi laini. Mwenye kitanda cha samadari, mlango wa nakshi au kiti chenye maua ya kuchonga anajua kitambaa hakifiki kwenye mifereji. Brashi mpya ya kupakia rangi, ya inchi 2, yenye nywele laini, inatosha. Zivute nywele kabla ya kulipa. Zikitoka, chagua nyingine. Sehemu ya bati izungushie utepe isikwaruze. Piga brashi kutoka juu kwenda chini, mkono wa pili umeshika kitambaa cha kupokea vumbi. Kwa nyumba yenye nakshi nyingi ningeipa nafasi ya kwanza.

3. Flana kuukuu ya pamba. Haina gharama na inafaa, mradi uilowanishe kidogo, uikamue sana, kisha upitishe kitambaa kikavu nyuma yake. Maji yakikaa kwenye maungio mbao huvimba.

4. Mashine ya kufyonza vumbi. Hii ni kwa mwenye sakafu ya mbao, kama zile za ghorofa za zamani mjini. Hakikisha brashi yake inayozunguka inaweza kuzimwa, la sivyo itaichora sakafu. Yenye kichujio cha HEPA hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, na kwa nyumba yenye mtu wa pumu hela hiyo naiona inastahili. Kama bajeti hairuhusu, mopu bapa ya mikrofaiba hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ufagio wa chelewa ubaki uani.

5. Fagio la manyoya na dawa ya kupulizia. Sivipendekezi. La kwanza hurusha vumbi. Dawa nazo nyingi zina silikoni: inang'arisha leo, lakini siku fundi akija kupiga vanishi upya, vanishi inajikusanya na kuacha vijishimo, na kuiondoa silikoni ni kazi ngumu. Ni hasara kubwa kwa meza nzuri ya msaji wa Longuza, shamba la miti la Muheza. Mafuta ya nazi nayo yaache, hubaki yakinata na kuvuta vumbi jipya.

Ukitaka mng'ao, nunua nta ya nyuki iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao. Pangusa vumbi lote kwanza, paka kidogo sana, subiri ikauke, kisha futa kwa flana kavu. Jaribu kwanza chini ya meza, mahali pasipoonekana.