Scott Pilgrim: ununue nini kwanza, vitabu, gemu au filamu?

Ukitaka mashabiki wa Scott Pilgrim wabishane mpaka usiku wa manane, waulize mtu mgeni aanzie wapi. Aliyeanza na filamu atakuapia kwamba filamu inatosha. Aliyeanza na vitabu atakwambia filamu imeacha nusu ya moyo wa hadithi. Aliyecheza gemu mwaka 2010 yeye atataka kujua kama una nakala yake. Vyote vitatu vinauzwa, na si kila mtu ana hela ya kuvibeba kwa mpigo, kwa hiyo nimevipanga kwa namna ninavyoamini pesa yako itakufaa zaidi.

Kwa asiyemjua, Scott ni kijana wa Toronto, Kanada. Ana miaka 23, hana kazi, anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya kawaida sana, na analala godoro moja na rafiki yake Wallace kwa kuwa nyumba yao haina la pili. Anampenda Ramona Flowers, na ili adumu naye inabidi apigane na wapenzi saba wa zamani wa binti huyo. Mapigano yanakwenda kama gemu za zamani. Matthew Patel, wa kwanza, akishapigwa anageuka sarafu. Scott anaziokota, anahesabu, analalamika kwamba hazitoshi hata nauli ya basi. Ramona anamwambia atamkopesha senti zilizopungua. Ukicheka hapo, hadithi hii ni yako.

Namba moja: vitabu sita vya katuni vya Bryan Lee O'Malley

Vilitoka kati ya 2004 na 2010 kwa wachapishaji Oni Press, vidogo, vyeusi na vyeupe. Kuanzia 2012 vikatolewa upya vikubwa, jalada gumu, vikiwa na rangi za Nathan Fairbairn. Nunua vya rangi kama mfuko unaruhusu. O'Malley huchora nyuso za macho makubwa zinazofanana, na msomaji mpya huwachanganya wasichana watatu wanne katika kitabu cha kwanza. Tena Ramona hubadilisha rangi ya nywele kila mara, jambo ambalo katika nakala nyeusi na nyeupe unaambiwa tu, hulioni. Nakala ndogo ni nafuu na zinaingia kwenye begi bila shida, hilo nalikubali.

Usinunue cha kwanza peke yake ukakitolea hukumu. Ni chepesi, kinachekesha, na Scott anaonekana kama kijana mpole tu asiye na bahati. Kuanzia cha pili ndipo unapoanza kuona watu aliowaumiza. Kim Pine, mpiga ngoma wa bendi, anapewa sura nzima ya miaka ya shule. Katika filamu historia hiyo inatajwa kwa kupita. Cha nne ndicho ninachokipenda kuliko vyote: Scott anapata kazi, anajifunza kutamka neno alilokuwa analiogopa, na anatokea Lisa Miller, rafiki wa zamani ambaye kwenye filamu hayupo kabisa.

Halafu kuna NegaScott, kivuli cheusi kinachomfuata. Katika kitabu cha sita Scott anaacha kumkimbia, wanaungana kuwa mtu mmoja, na ghafla anakumbuka kila alilowatendea wengine. Katika filamu pambano hilo limegeuzwa utani: wanatoka nje wakipiga soga na kupanga kwenda kula pamoja. Mashabiki wa vitabu wamelilalamikia hilo tangu 2010 na mimi nasimama nao. Hata suala la Knives Chau, msichana wa miaka 17 anayetoka naye mwanzoni, linaeleweka vizuri vitabuni, kwa sababu pale marafiki wa Scott hawamwachi apumue, na hadithi yenyewe haimtetei.

Ukipata seti nzima ndani ya boksi, chukua hiyo. Kama ni nakala zilizotumika, muulize muuzaji kama zote ni za toleo moja, maana kuchanganya vikubwa na vidogo rafuni kunaudhi kwa miaka.

Namba mbili: gemu

Hapa kuna historia inayopaswa kukuongoza unaponunua gemu yoyote. Ubisoft waliitoa Agosti 2010 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, ya kupakua tu, bila diski. Desemba 2014 ikaondolewa madukani. Aliyekwisha kuinunua alibaki nayo. Ambaye hakuinunua hakuwa na njia halali ya kuipata. Mashabiki walipiga kelele miaka sita, O'Malley mwenyewe na Edgar Wright, mwongozaji wa filamu, wakaomba hadharani irudishwe, na tarehe 14 Januari 2021 ikarudi ikiwa toleo kamili lenye Knives na Wallace ndani yake. Safari hii kampuni ya Limited Run Games wakaitoa pia kwa kadi ya Nintendo Switch na diski ya PS4.

Kwa hiyo ukiwa na moja ya mashine hizo na ukaona nakala ya kushika mkononi kwa bei ya heshima, usisite. Ya kupakua ni rahisi na inachezeka vilevile, lakini imeshatoweka mara moja.

Ni gemu ya kupigana ukisonga mbele mtaa kwa mtaa, hadi watu wanne. Picha zimechorwa nukta kwa nukta chini ya Paul Robertson, na muziki ni wa bendi ya Anamanaguchi. Watu wengi wasioijua hata hadithi wanausikiliza muziki huo hadi leo. Mwanzo ni mgumu, utapigwa. Siri ni kuokota sarafu na kuzitumia kwenye maduka ya mtaani, kwa sababu vyakula na vitu vingine vinakuongezea nguvu za kudumu. Usihukumu kabla hujaingia dukani. Na tafuta pedi ya pili: peke yako ni gemu nzuri, wawili kwenye kochi ni kitu kingine kabisa.

Namba tatu: filamu

Ya Edgar Wright, Agosti 2010, akiwamo Michael Cera na Mary Elizabeth Winstead. Majumba ya sinema yalikuwa karibu matupu na haikurudisha gharama zake, kisha watu wakaipata kwenye diski na runinga wakaipenda sana. Naiweka ya tatu kwa sababu kuikodi mtandaoni ni bei ndogo, si kwa ubaya wake. Uhariri wake ni wa ajabu, na Chris Evans na Brie Larson wamo kabla hawajawa Captain America na Captain Marvel.

Sababu ya kununua diski ni moja: mwisho wa awali. Upigaji picha ulianza kabla kitabu cha sita hakijakamilika, na mwisho wa kwanza Scott alibaki na Knives. Baadaye ukabadilishwa, lakini ule wa zamani umo kwenye diski ya Blu-ray, na mashabiki bado wanaugombania. Angalia alama ya eneo: Afrika Mashariki tuko B pamoja na Ulaya, Marekani ni A. Diski iliyofungiwa A haitafunguka kwenye mashine ya B.

Katuni ya Netflix ya 2023, vipindi vinane, inaangaliwa kwa kulipia huduma hiyo. Iache ya mwisho. Inageuza hadithi juu chini tangu kipindi cha kwanza, na utamu wake wote unategemea kwamba ulikuwa unajua kilichopaswa kutokea.